Trekta Kuukuu: Injini Ifanywe Upya au Inunuliwe Nyingine?

Wakulima wenzangu, kila mwaka mahindi yakiisha kuuzwa sokoni Kibaigwa, watu hunijia na swali lile lile. Huja mmoja mmoja, mara nyingi jioni, na kabla ya kutaja trekta huuliza kwanza habari za nyumbani na za mvua, ndipo mtu hukohoa kidogo na kusema, "Bwana Shamba, injini yangu imechoka. Niifanye upya, au niing'oe ninunue nyingine?" Mwenye kuuliza hivyo huwa amekwisha kuambiwa mambo matatu na mafundi watatu, na kila fundi amemwapia kwamba wenzake hawajui kazi. Basi nimeona yafaa niandike rai yangu, wala si amri, ili mtu aisome akiwa ametulia nyumbani kwake, wala si akiwa amesimama dukani fedha mkononi.

Rai yangu ni hii, nami naisema mapema ili asiyeipenda asijichoshe kusoma. Ikiwa bloku ni nzima, na kranki ingali na chuma cha kuchongwa, na giaboksi na difu na haidroliki zingali na nguvu, basi injini yako mwenyewe ifanywe upya, tena ifanywe yote. Usinunue injini iliyotumika ambayo hujui ilikotoka. Lakini kazi hiyo ianze mwezi wa Juni, si Oktoba. Maneno hayo ya mwisho nalijifunza kwa kumtia mtu hasara, na jambo hilo nitalisimulia mbele bila kujificha.

Kwanza tuutazame uchovu wenyewe, maana si kila injini itoayo moshi imekufa. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: huenda chujio la hewa limeziba, au nozeli zinadondosha badala ya kupuliza, au jembe limezidi nguvu ya trekta. Moshi mweupe asubuhi ni dizeli isiyoungua, ama ni maji yaingiayo ndani ya silinda. Ni moshi wa buluu ndio utakaokunyima usingizi, kwa kuwa huo ni oili inayoungua, na oili hupita penye ringi zilizokwisha au kando ya valvu zilizolegea. Nimemwona mtu karibu auze ng'ombe wawili kwa ajili ya moshi mweusi, na dawa yake ilikuwa kuosha chujio la hewa na kuzipeleka nozeli kupimwa.

Trekta iwashwe, ifanye kazi hata ipate moto vizuri, kisha kifuniko cha kutilia oili kifunguliwe injini ikiwa inazunguka polepole. Moshi ukitoka hapo kwa nguvu, kama pumzi za mtu apandaye mlima, pistoni hazizuii tena moto wa juu usishuke chini. Tena itazamwe geji ya oili. Ikiwa asubuhi inapanda vizuri, na adhuhuri injini ikiwa na moto inashuka karibu na sifuri, mashaka yako yaelekee kwenye beringi za kranki au pampu ya oili. Na kwa habari ya maji, trekta ikiwa imelala usiku kucha, legeza kidogo nati ya chini ya kumwagia oili kabla hujaiwasha. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwamo yatatangulia kutoka. Hapo usiwashe tena. Huenda ni gasketi ya hedi tu, na huenda ni ufa katika bloku. Mambo hayo mawili yana bei mbalimbali kama mbuzi na ngamia.

Baada ya hayo apimaye kompresheni apime silinda zote, wala si moja. Silinda moja ikiwa dhaifu na nyingine ni nzima, huenda ni valvu isiyofunga. Silinda zote zikiwa dhaifu kwa pamoja, huo ni uzee. Fundi mwema hutia oili kidogo sana, kijiko kimoja cha chai, ndani ya silinda iliyo dhaifu na kupima tena. Kompresheni ikipanda, kosa li katika ringi na slivu, na isipopanda, kosa li juu kwenye valvu au gasketi. Nasema kidogo sana, kwa sababu nafasi iliyo juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno, na oili haibanwi. Ukiijaza utaupinda mkono wa pistoni, ndipo utakuwa na injini iliyokufa kweli kweli.

Ikiwa vipimo vyote vyaonyesha uzee, hapana budi hedi ifunguliwe, na hapo ndipo mabishano ya mafundi huanza. Mmoja atasema, "Tutie ringi mpya tu, mzee, utalima." Usimkubalie mpaka upitishe ukucha wako ndani ya silinda, juu kabisa, mahali pistoni inapogeukia. Ukucha ukikwama penye kingo, slivu imelika. Ringi mpya ya duara kamili ndani ya slivu iliyolika kuwa kama yai haitakaa. Italima msimu mmoja, labda nusu yake, kisha moshi utarudi na fedha zako zitakuwa zimekwenda na moshi huo. Kazi ya nusu naichukia kuliko kutofanya kazi kabisa, maana trekta isiyofanyiwa kazi haijakula kitu, lakini ile ya nusu imekula karo ya mtoto.

Habari ya kranki ni ya hesabu, nayo ni hesabu rahisi. Kranki ikilika huchongwa kwenye mashine hata iwe duara tena, na hutiwa beringi nene zaidi kidogo ili kujaza nafasi. Beringi hizo hupatikana kwa vipimo vinavyojulikana: sehemu 10 za elfu ya inchi, kisha 20, kisha 30. Basi ni muhimu kuuliza kranki yako imekwisha kuchongwa mara ngapi. Jibu limeandikwa nyuma ya beringi za zamani. Usimwache fundi azitupe kabla hujazigeuza na kuzisoma. Ukiona imeandikwa 10, ungali na nafasi. Ukiona 30, ujue kwamba kranki hiyo imefika mwisho wa safari, na gharama ya kranki mpya itiwe katika hesabu tangu mwanzo, isije ikakurukia katikati ya kazi wakati injini imetapakaa sakafuni nawe huwezi kurudi nyuma.

Sasa nisimulie habari ya majirani wawili. Wote wawili walikuwa na Massey Ferguson 165, aina iliyoanza kutengenezwa 1964, na matrekta yake mengi yangali yanalima nchini mwetu hata leo. Injini zote mbili zilichoka mwaka mmoja.

Jirani wa kwanza alikuwa kijana, mwenye haraka. Aliambiwa kwamba iko injini ya Perkins, silinda nne, imetoka katika jenereta, "haijaguswa", na bei yake ni ndogo kuliko gharama ya kuifanya upya ile ya kwake. Akainunua. Kwa macho zilifanana kama mapacha. Lakini trekta si lori, na hili nataka kila msomaji alikumbuke. Lori lina fremu ya chuma, na injini imewekwa juu yake kama mzigo. Trekta ya namna hii haina fremu: injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Mbele imefungwa kwenye kibeba ekseli, nyuma imefungwa kwenye giaboksi, na uzito wote wa mbele hupita ndani ya bloku na ndani ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini yake. Kwa sababu hiyo sampu ya trekta ni chuma kizito cha kusubu. Sampu ya injini ile ya jenereta ilikuwa bati lililofinyangwa, lililokusudiwa kubeba oili na wala si kitu kingine.

Fundi wake hakushindwa. Mafundi wetu hawashindwi na kitu, na wakati mwingine hiyo ndiyo taabu yetu. Alichomelea vyuma vya pembe huku na huku, akaifunga, nayo ikaunguruma. Tena pampu ya dizeli ya injini ile ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mzunguko mmoja tu wa 1,500 kwa dakika, kama jenereta itakavyo, hata dereva alipoomba mwendo mwingine hakuupata sawasawa. Katikati ya Januari, jembe likiwa limenasa katika kisiki, vyuma vile vya pembe vilikatika na trekta ikakunjika katikati kama panzi. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Kijana huyo angeweza kuihamisha sampu yake ya zamani, na kava ya mbele, na nyumba ya flaiwili, na pampu yake mwenyewe, kama injini ile ingekuwa ya ukoo mmoja na yake. Lakini hata hilo hakuliuliza. Trekta za 165 zenyewe hazina injini ya namna moja: za kwanza zilikuwa na ile iitwayo 4.203, na za baadaye 4.212, na tarakimu hizo ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo. Iko na 4.236, ambayo silinda zake zina upana ule ule wa 4.212, lakini mwendo wa pistoni ni mrefu zaidi kwa nusu inchi. Kwa macho hutazitofautisha. Namba iliyopigwa ubavuni mwa bloku ndiyo itakayosema kweli, nayo iandikwe kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani kununua hata gasketi moja.

Jirani wa pili ni mzee mmoja ninayemheshimu sana, naye alinifuata mimi. Nalipima injini yake, nikaona bloku haina ufa, kranki imechongwa mara moja tu, giaboksi haina kelele. Nikamwambia, "Mzee, fanya hii hii." Akaniamini. Ilikuwa juma la tatu la Oktoba.

Slivu za injini hizo ni kavu, maana yake maji hayazigusi, bali zimebanwa ndani ya chuma cha bloku. Kazi ya kuzitoa na kushindilia nyingine, na kuzichonga zikae sawa na pistoni, haifanyiki chini ya mwembe. Hapana budi bloku na kranki zipelekwe mjini penye mashine. Tulizipeleka. Mwenye karakana alisema siku kumi. Siku kumi zikawa ishirini, kwa kuwa si sisi tu tuliokumbuka injini zetu mawingu yalipoanza kuonekana. Bloku zilikuwa zimepangwa ukutani kama magunia. Kisha beringi zilizoletwa hazikuwa za kipimo chetu, zikarudishwa. Mvua ilianza mwanzo wa Desemba. Injini ilirudi siku tatu kabla ya Krismasi.

Hesabu ya hasara ile naifanya hapa wazi, maana watu huhesabu bei ya vipuri na kusahau bei ya siku. Jembe la sahani tatu hukata upana wa kama sentimita 75. Trekta ikienda kilomita 5 kwa saa, hulima mita za mraba 3,750. Ondoa robo kwa kugeuka na kusimama, zinabaki kama 2,800, nayo ni kama sehemu saba za kumi za ekari. Kwa saa nane ni ekari tano na nusu. Tuseme ekari tano, na tuseme mtu analipwa shilingi 50,000 kwa ekari: hiyo ni 250,000 kwa siku. Ondoa dizeli na dereva na mengineyo, tuseme 100,000, zinabaki 150,000. Siku ishirini za mvua za kwanza ni shilingi milioni tatu. Weka bei ya kwenu mahali pa bei yangu, nawe utaona kwamba injini iliyonunuliwa kwa bei kubwa zaidi lakini ikafanya kazi siku ya pili ingaliweza kuwa rahisi kuliko ile niliyomshauri. Wateja wake walikwenda kwa wengine, na shamba lake mwenyewe lilipandwa kwa kuchelewa.

Hakunilaumu mbele ya watu. Aliniita pembeni akasema, "Mwanangu, ushauri wako ulikuwa wa kweli, ila ulikuja saa mbovu." Nalikosa la kujibu. Nalikuwa nimeipima injini kwa maikromita, na kalenda sikuitazama. Trekta hiyo sasa ni msimu wa nne inalima na haitoi moshi, na ile ya jirani yake iliuzwa kwa kilo. Lakini sitaki jambo hilo linipatie heshima nisiyostahili, kwa maana mwaka ule wa kwanza mzee alikula kidogo.

Basi wale wasemao kwamba injini nzima ni bora kuliko kuifanya upya wana haki katika jambo moja, nalo ni wakati. Mvua ikiwa imekaribia, na iko injini inayojulikana ilikotoka, ya namba ya ukoo ule ule, iliyotolewa katika trekta wala si katika jenereta, nawe umeiona ikiwashwa baridi na kupimwa kompresheni na geji ya oili mbele ya macho yako, inunue, sitakuzuia. Hali kadhalika bloku ikipasuka, au mkono wa pistoni ukikatika na kutoboa ubavu wa injini, usiishikilie kwa mapenzi. Iko kazi ya kuunga chuma cha kusubu, na wako wanaoijua, lakini katika trekta, ambayo bloku yake hubeba uzito, mimi nisingalilaza fedha zangu hapo. Bali injini ya mtumba iliyopakwa rangi mpya na kuwekwa juu ya tairi dukani, bila kuwashwa, naiogopa. Rangi haina kompresheni. Na aliyeing'oa katika mashine yake ya kwanza alikuwa na sababu.

Sisi wa Kongwa hatuna haki ya kulisahau hili. Mradi mkubwa wa karanga ulioanzwa hapa na Waingereza 1947, na kuachwa 1951, ulianza kwa matrekta mengi yaliyokwisha kutumika, mengine mabaki ya vita, yaliyonunuliwa kwa kuwa mapya hayakupatikana upesi. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha sehemu kubwa ya matrekta hayo yalikuwa yamelala, yakingoja vipuri na mafundi. Hao walikuwa na hazina ya serikali nyuma yao. Wewe nyuma yako una ghala la mahindi.

Liko pia swali ambalo watu hawapendi niliulize: je, trekta yenyewe yastahili injini? Injini iliyofanywa upya ina nguvu kuliko ile uliyoizoea, nayo itayatafuta maungo dhaifu. Giaboksi irukayo gia, difu ivumayo, haidroliki isiyoinua jembe hata oili ikiwa ya moto: haya yote yaandikwe katika karatasi moja na injini, pamoja na slivu, pistoni, ringi, beringi, gasketi, gaidi za valvu, kupima pampu na nozeli, kuzibua rejeta, oili, na nauli ya kwenda mjini mara nne, maana utakwenda mara nne. Fundi akikutajia bei ndogo, mara nyingi hakutaja pampu na nozeli. Jumla ikikaribia bei ya trekta nyingine iliyo nzima, iuze ya kwako na useme kweli kwa mnunuzi.

Na kabla ya kurudisha injini mahali pake, tafuta kilichoiua. Mara nyingi katika nchi yetu kavu muuaji ni vumbi. Chujio la hewa la matrekta ya zamani lina bakuli la oili, ambalo lataka kumwagwa na kuoshwa kila siku wakati wa kulima penye vumbi jingi. Na baina ya chujio na injini pana bomba la mpira ambalo hupasuka upande wa chini, usikoonekana. Ufa wa upana wa ukucha unatosha. Nimepata kufungua injini iliyofanywa upya msimu uliopita, ringi zake zimelika kama zilizopigwa msasa, na bomba lile la mpira lilikuwa ni lile lile la zamani, limefungwa kwa kipande cha tairi la baiskeli.

Injini ikiwashwa mara ya kwanza, usiiache iungurume bure kutwa nzima ati inajizoeza. Ringi mpya hukaa kwa kazi, nazo zikikosa mzigo slivu huwa laini kama kioo na oili hupita. Ipe kazi ya kiasi, tela kwanza, kisha haro, jembe la sahani baadaye. Oili ya kwanza imwagwe mapema kama kitabu kinavyoagiza, kwa maana ndani yake mna unga wa chuma.

Mwenye trekta anayetaka kupimiwa kompresheni na kranki aje Juni au Julai, mahindi yakiwa yameisha kuvunwa na kabla hajaziahidi fedha kwa mtu mwingine. Aje na namba ya injini yake katika karatasi, na beringi za zamani, kama fundi hakuzitupa. Atakayekuja Oktoba nitampokea vile vile, lakini nitamwuliza kwanza habari za mawingu.